Lombardi na Landry: makocha wawili waliotoka timu moja, mmoja miaka 10, mwingine miaka 29

Vincent Thomas Lombardi alikufa Alhamisi tarehe 3 Septemba 1970 katika hospitali ya chuo kikuu cha Georgetown, mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 57. Ni kansere ya utumbo mkubwa iliyomuua, na haikuchukua muda: mwezi wa Juni alilazwa, Septemba akazikwa. Misa ya maziko ilisomwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York, na watu walijaa hadi nje. Marehemu hakuwa rais wala jenerali. Alikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani, na kama kocha mkuu wa timu za kulipwa alikuwa amefanya misimu kumi tu.

Hadi leo, wapenzi wa mchezo huo wanapobishana juu ya makocha wa zamani, jina lake linatajwa pamoja na lile la Tom Landry, na kila upande unakuja na hesabu zake. Landry aliongoza timu ya Dallas Cowboys misimu 29 mfululizo, toka 1960 hadi 1988. Katika mechi za kawaida za ligi alishinda 250, akashindwa 162, akatoka sare 6. Lombardi alifanya misimu 9 Green Bay na mmoja Washington: alishinda 96, akashindwa 34, sare 6 vilevile. Anayependa wingi anamchukua Landry bila kufikiri. Anayependa asilimia anamchukua Lombardi, kwa sababu katika kila mechi 100 zilizopata mshindi, yeye alishinda karibu 74, na Landry karibu 61. Mabishano yangeweza kwisha hapo kama hesabu hizo mbili zingekuwa zinapima kitu kimoja. Hazipimi kitu kimoja, na ili kuona sababu yake ni lazima kurudi nyuma kabisa.

Kwa wale waliozoea kabumbu: mpira wa Kimarekani una wachezaji 11 kila upande, lakini mpira wenyewe una umbo kama la yai na unabebwa mkononi. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ili isonge mbele yadi 10, yaani metre 9 hivi. Ikifaulu, inapewa manne mengine. Ikikosa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuvusha mpira kwenye mstari wa mwisho kunaleta pointi 6, na shuti kati ya milingoti linaleta 3. Mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache, na kila unaposimama kocha anaweza kupanga upya. Ndiyo maana katika mchezo huo kazi ya kocha inaonekana kuliko katika kabumbu.

Lombardi alizaliwa tarehe 11 Juni 1913 Brooklyn, katika mji wa New York, mtoto wa kwanza kati ya watano. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wa asili ya Italia. Baba yake, Harry, alikuwa muuza nyama, mtu mfupi mwenye nguvu, aliyejichora kwenye vidole vya mkono mmoja neno la kazi na kwenye vidole vya mkono mwingine neno la mchezo. Kijana Vincent alitaka kuwa padri. Akiwa na miaka 15 aliingia seminari ndogo, akakaa karibu miaka minne, halafu akatoka. Upadri aliuacha, misa hakuiacha: maisha yake yote alijaribu kusali kanisani kila siku, hata asubuhi za mechi kubwa.

Alisoma chuo kikuu cha Fordham, cha mapadri Wajezuiti, na huko alicheza katika safu ya mbele ya timu iliyojulikana katika inchi nzima kwa kuwa ukuta usiopitika. Hakuwa mkubwa wa mwili. Wenzake walikumbuka zaidi namna alivyokubali maumivu. Alipomaliza mwaka 1937 Marekani ilikuwa bado katika shida kubwa ya uchumi, na miaka miwili ilipita bila kazi ya kueleweka. Mwaka 1939 alipata nafasi katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Cecilia, mjini Englewood, New Jersey, ya kufundisha Kilatini, kemia na fizikia, na kusaidia timu ya mpira. Mwaka uliofuata alimuoa Marie Planitz.

Alikaa katika shule hiyo miaka nane. Hapa wasimulizi wengi wanapita haraka, na wanakosea, kwa sababu ualimu wa darasani ndio uliomtengeneza. Alifundisha mpira kama alivyofundisha kemia: hatua moja, tena, tena, mpaka mwanafunzi wa mwisho aelewe, halafu ndipo hatua ya pili. Alipokuwa kocha wa watu wazima waliolipwa maelfu ya dola, bado alisimama mbele ya ubao na chaki, akieleza jambo ambalo wachezaji wake walilijua tangu utoto.

Mwaka 1947 alirudi Fordham kama msaidizi, na 1949 akaitwa kwenye chuo cha kijeshi cha West Point chini ya Kanali Red Blaik, kocha aliyemheshimu kuliko wote. Kwa Blaik alijifunza kupunguza: kuchukua mipango michache na kuifanya bila kosa. Lakini miaka ilikuwa inaenda. Alifikisha miaka 40 akiwa bado msaidizi wa watu, na yeye mwenyewe aliamini kwamba jina lake la Kiitalia lilikuwa linamfungia milango ya vyuo vikubwa.

Mwaka 1954 timu ya New York Giants ilimpa safu ya ushambuliaji. Kocha mkuu, Jim Lee Howell, alikuwa mtu wa kuachia wasaidizi kazi. Na upande wa pili wa timu hiyohiyo, safu ya ulinzi ilikuwa mikononi mwa kijana wa Texas ambaye bado alikuwa anacheza huku akifundisha: Tom Landry.

Ni vigumu kupata watu wawili waliotofautiana hivyo katika timu moja. Landry, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1924 mjini Mission, karibu na mpaka wa Mexico, alikuwa Mprotestanti mtulivu. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliruka katika ndege kubwa za mabomu juu ya Ulaya, safari 30, na kaka yake Robert alikufa katika vita hivyo. Baada ya hapo alisomea uinjinia wa viwanda. Aliuangalia mpira kama injinia anavyoangalia mashine: ukijua wapinzani wamesimama wapi na ni jaribio la ngapi, unaweza kujua mpira utaenda wapi kabla haujaondoka. Lombardi alipiga kelele, alicheka kwa sauti kubwa, alilia mbele ya watu. Landry alisimama kando ya uwanja na kofia yake, uso haubadiliki. Pamoja waliipa Giants ubingwa wa 1956, kwa kuwafunga Chicago Bears 47 kwa 7, na pamoja walishindwa na Baltimore Colts katika fainali ya 1958, 23 kwa 17 baada ya muda wa nyongeza. Howell alikuwa akitania kwamba yeye kazi yake ni kuhakikisha mipira imejazwa hewa.

Timu zingine ziliona. Mwanzoni mwa 1959 Lombardi alichukuliwa na Green Bay Packers, na mwisho wa mwaka huohuo Landry akachukuliwa na timu mpya iliyokuwa inaanzishwa Dallas. Kuanzia hapo ndipo hesabu zao zinaanza kuandikwa, na zilianza kwa njia zisizofanana hata kidogo.

Green Bay ni mji mdogo wa kaskazini, jimbo la Wisconsin, ambao wakati huo ulikuwa na wakaazi elfu 63 hivi. Timu yake haikuwa mali ya tajiri mmoja. Ilikuwa, na bado iko, mali ya wanainchi wenye hisa. Mwaka 1958 ilishinda mechi moja, ikashindwa 10, ikatoka sare moja. Makocha wa timu zingine walitishia wachezaji wavivu kwamba watawatuma huko. Lombardi alikubali kwa sharti la kuwa kocha mkuu na pia meneja, ili mtu yeyote wa kamati asimwambie nani acheze.

Msimu wa kwanza alishinda 7 na kushindwa 5. Watu wanaomsifu Lombardi kwa muujiza wa 1959 mara nyingi wanasahau jambo moja: wachezaji wazuri walikuwa tayari wapo. Paul Hornung alikuwa amechaguliwa wa kwanza kabisa kati ya wanafunzi wote wa inchi mwaka 1957, lakini alikuwa anahamishwa kila wiki toka nafasi moja hadi nyingine. Lombardi alimpa nafasi moja na kumwacha hapo; mwaka 1960 Hornung alifunga pointi 176 katika mechi 12, rekodi iliyodumu hadi 2006. Bart Starr, aliyeongoza mashambulizi, alikuwa amechaguliwa wa 200 mwaka 1956, na karibu kila mtu alimwona mpole mno kwa kazi hiyo. Lombardi alihitaji mtu mwenye akili, anayesikia, asiyekosea, na Starr alikuwa huyo. Anayelinganisha hesabu za makocha hawa wawili inafaa aliweke jambo hili upande wa Landry: mwenzake alikuta vifaa vilivyotawanyika, yeye hakukuta hata vifaa.

Shambulizi kuu la Lombardi lilikuwa la kawaida sana. Wachezaji wawili wazito wa mbele wanaacha nafasi zao, wanakimbia kuelekea pembeni na kuwasukuma walinzi, na mwenye mpira anafuata nyuma yao akitafuta mwanya. Kila timu ililijua. Packers walilirudia mazoezini siku baada ya siku, na wapinzani waliolisubiri hawakuweza kulizuia. Muda nao ulikuwa wake: mchezaji aliyefika saa iliyoandikwa alihesabiwa kuwa amechelewa, kwa sababu saa ya Lombardi ilikuwa robo saa mbele ya saa za watu wengine. Aliwatukana wachezaji hadi wengine wakafikiria kuondoka. Na nyumbani, Marie na watoto wawili, Vincent mdogo na Susan, waliishi na mtu ambaye akili yake haikutoka uwanjani. Familia hiyo ililipa gharama ambayo haimo katika safu yoyote ya ushindi na kushindwa.

Kuna upande mwingine ambao hesabu hauonyeshi. Lombardi alipofika Green Bay, wachezaji Weusi katika timu hiyo walikuwa wa kuhesabu kwa kidole kimoja au viwili, na katika mji wenyewe Weusi walikuwa karibu hawapo. Nate Borden alikuwa amekodishiwa chumba kibovu. Kocha alimtafutia mahali pa heshima. Alimleta toka New York Emlen Tunnell, mlinzi mkongwe. Alitangaza kwa wenye restora na baa za mji kwamba yeyote atakayekataa kumhudumia mchezaji wake Mweusi hatamwona tena mchezaji yeyote wa timu. Walipoenda kucheza kusini, ambako hoteli ziliwatenganisha watu kwa rangi, aliwalaza wote pamoja katika kambi ya jeshi ya Fort Benning, Georgia. Alipoacha kiti mwaka 1968, timu ilikuwa na Weusi zaidi ya kumi, na kati yao walikuwa nguzo za ulinzi: Willie Davis, Willie Wood, Herb Adderley, Dave Robinson. Tusimfanye mtakatifu, alihitaji kushinda, na aliona haraka kuliko wengine kwamba ubaguzi unamnyima wachezaji. Lakini aliyafanya hayo wakati sheria za inchi yake zilikuwa bado hazijamlazimisha.

Mwaka 1960 Packers walifika fainali na kufungwa na Philadelphia Eagles 17 kwa 13. Ilikuwa mara ya kwanza Lombardi kushindwa mechi ya mwisho wa msimu, na ikawa pia mara ya mwisho. Mwaka 1961 waliwafunga Giants, timu aliyotoka, 37 kwa 0. Mwaka 1962 Giants tena, 16 kwa 7, baada ya msimu wa ushindi 13 na kushindwa mara moja. Mwaka 1963 walishinda 11, wakashindwa 2 tu na sare 1, lakini hawakuingia hata fainali, sababu mara zote mbili walishindwa na Chicago Bears, ambao ndio waliochukua nafasi. Wakati ule ligi ilikuwa na timu 14 na njia ya ubingwa ilikuwa nyembamba: unaongoza kundi lako, unacheza fainali, basi. Mtu anayesema Lombardi alipata mataji kwa urahisi kwa sababu timu zilikuwa chache atazame mwaka huo wa 1963.

Dallas, wakati huo, ilikuwa kicheko. Timu iliundwa kwa kuchelewa, ikakosa nafasi ya kuchagua wanafunzi wa vyuo, ikapewa wachezaji ambao timu zingine hazikuwataka. Msimu wa 1960 Landry hakushinda mechi hata moja: kushindwa 11, sare 1. Mojawapo ya vipigo hivyo, 41 kwa 7, alipewa na Lombardi. Miaka mitano ya kwanza yote alishindwa mara nyingi kuliko kushinda. Mwanzoni mwa 1964 watu wa Dallas walitaka afukuzwe. Mwenye timu, Clint Murchison, akafanya kinyume: alimpa mkataba mwingine wa miaka kumi. Katika historia ya makocha hakuna maamuzi mengi kama hilo, na bila hilo hakuna ushindi 250 wa kubishania.

Mwaka 1966 mashine ya Landry ilianza kuzunguka. Tarehe 1 Januari 1967, mjini Dallas, wasaidizi wawili wa zamani wa Howell walikutana katika fainali ya ligi. Packers walikuwa mbele 34 kwa 27, dakika ya mwisho, na Cowboys walikuwa yadi 2 tu toka mstari. Katika jaribio la nne Don Meredith alirusha mpira huku akivutwa, na Tom Brown wa Green Bay akaudaka. Wiki mbili baadaye Packers waliwafunga Kansas City Chiefs 35 kwa 10 mjini Los Angeles, katika mechi ya kwanza kati ya mabingwa wa ligi mbili, ile ambayo dunia inaijua sasa kama Super Bowl.

Walikutana tena Jumapili tarehe 31 Desemba 1967, safari hii Green Bay. Baridi ilikuwa nyuzi 25 chini ya zero. Lombardi alikuwa amenunua mitambo ya umeme ya kupasha udongo joto, na siku hiyo ikagoma. Uwanja ukageuka barafu. Filimbi za waamuzi ziliganda, wakaongoza mechi kwa sauti. Watu zaidi ya 50 000 walikaa hadi mwisho.

Packers walitangulia 14 kwa 0, Cowboys wakarudi, na mwanzoni mwa robo ya mwisho Dan Reeves akamrushia Lance Rentzel mpira wa yadi 50: Dallas mbele 17 kwa 14. Zikiwa zimebaki karibu dakika tano, Green Bay walipata mpira mbali sana, yadi 68 toka mstari wa wapinzani. Walisogea kidogokidogo. Walipofika karibu kabisa, Donny Anderson alijaribu mara mbili kupita katikati, na mara mbili miguu iliteleza. Sekunde 16 zilibaki, na ruhusa ya mwisho ya kusimamisha saa ilikuwa imetumika.

Hapo ndipo makocha hawa wawili wanaonekana wazi kuliko katika jedwali lolote. Hesabu ya injinia ilisema: rusha mpira. Ukianguka chini saa inasimama, na bado unaweza kupiga shuti la pointi 3, iwe 17 kwa 17, mcheze nyongeza. Ndilo jambo walinzi wa Dallas walilolitarajia, kwa sababu ndilo lenye akili. Kukimbia nao na kukosa maana yake saa inaisha na msimu unaisha. Starr alikwenda kando ya uwanja akamweleza Lombardi kwamba yeye mwenyewe anasimama vizuri kuliko wakimbiaji, na Lombardi akamruhusu. Wenzake walifikiri mpira utakwenda kwa Chuck Mercein. Starr aliushika, Jerry Kramer na Ken Bowman wakamsukuma Jethro Pugh, na mwongozaji mpole aliyechaguliwa wa 200 akaanguka ng'ambo ya mstari. 21 kwa 17. Ingekuwa ameteleza kama Anderson, leo watu wangesema Lombardi alipoteza akili kwa baridi.

Wiki mbili baadaye, mjini Miami, waliwafunga Oakland Raiders 33 kwa 14. Mataji matano katika miaka saba, matatu ya mwisho mfululizo. Katika mechi za mwisho wa msimu Lombardi alimaliza na ushindi 9 na kushindwa 1. Kisha akaacha ukocha, akiwa amechoka, na kubaki meneja kwa mwaka mmoja.

Sasa turudi kwenye hesabu. Tukikata maisha ya Landry pale pale maisha ya Lombardi yalipokatwa, baada ya misimu kumi, tunapata hivi: ushindi 67, kushindwa 65, sare 6, bila taji hata moja. Kocha wa namna hiyo hakumbukwi na mtu. Misimu 19 iliyofuata alishinda 183 na kushindwa 97, akafika Super Bowl mara tano, akashinda mbili, mwaka 1972 juu ya Miami na 1978 juu ya Denver. Toka 1966 hadi 1985, miaka 20 mfululizo, alimaliza kila msimu na ushindi mwingi kuliko kushindwa, katika ligi iliyokuwa imepanuka hadi timu 28. Wachezaji wa 1966 walikuwa wamezeeka na kuondoka zamani, na bado alishinda. Halafu miaka ilimkamata naye: msimu wa 1988 alishinda 3 na kushindwa 13, na Februari 1989 mwenye timu mpya, Jerry Jones, akamfukuza. Alikufa Februari 2000. Asilimia yake imebeba mwanzo wa kicheko na mwisho wa huzuni, vitu viwili ambavyo Lombardi hakuvipitia. Mmoja alijaribiwa na muda, mwingine hakupata muda. Kwa hiyo asilimia 74 ya Lombardi ni ya kweli, lakini ni picha ya mtu aliyepigwa akiwa kileleni. Kama angekaa Green Bay na Starr mzee na Hornung aliyekwisha ondoka, ingeteremka. Packers wenyewe, mwaka 1968, chini ya msaidizi wake Phil Bengtson, walishinda 6 na kushindwa 7.

Mtu anaweza kujibu kwamba uso kwa uso Lombardi hakushindwa na Landry hata mara moja akiwa Green Bay: mechi tano, ushindi tano. Ni kweli. Lakini kuna mechi mbili zingine.

Mwaka 1969 Lombardi alirudi uwanjani, akiitwa na timu ya Washington, ambayo ilimpa hata sehemu ya umiliki. Timu hiyo ilikuwa haijapata msimu mzuri tangu 1955. Aliifikisha kwenye ushindi 7, kushindwa 5 na sare 2. Kazi yake ilikuwa ileile ya Green Bay, mwaka wa kwanza, matokeo karibu yaleyale. Na mara zote mbili alipokutana na Cowboys wa Landry, alishindwa: 41 kwa 28 na 20 kwa 10. Mechi hiyo ya pili, Desemba 1969 mjini Dallas, ndiyo ya mwisho aliyoongoza katika maisha yake.

Miaka michache kabla, daktari alikuwa amemshauri afanyiwe uchunguzi wa utumbo. Alikataa. Alipolazwa Juni 1970 ugonjwa ulikuwa umekwisha enea. Wachezaji wa zamani walikwenda kumuona hospitalini, na hadi katika majuma ya mwisho alikuwa bado anauliza habari za mazoezi.

Timu ya Washington iliachiwa msaidizi wake Bill Austin, ambaye alishinda 6 na kushindwa 8. Dallas waliwafunga 45 kwa 21, kisha 34 kwa 0, wakaenda mbele hadi Super Bowl kwa mara yao ya kwanza. Viongozi wa ligi walikuwa wameamua kulipa kombe jina la Vince Lombardi, na mechi hiyo ya Januari 1971 ilikuwa ya kwanza kugombania kombe lenye jina hilo. Landry alilikosa kwa shuti la Baltimore Colts katika sekunde za mwisho, 16 kwa 13. Mwaka uliofuata alirudi akalichukua.